“Still”, “Yet” na “Already”: Lipi Litumike Pale Tunaposema “Bado” na “-mesha-”

Anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili hukwama mahali ambapo lugha yake mwenyewe haimpi taabu yoyote. Neno “bado” linamtosha kwa mambo mawili: jambo lililoanza na ambalo linaendelea, na jambo linalongojewa ambalo halijatokea. Kiingereza kimeyatenga mambo hayo; la kwanza kimelipa “still” na la pili kimelipa “yet”. Kando yake lipo “already”, ambalo kwa kiasi kikubwa ni “-mesha-” yetu, ingawa si kila “-mesha-” inayostahili kutafsiriwa hivyo. Vielezi hivi vitatu vinalinganishwa hapa ili mwanafunzi, mfasiri au mfanyakazi wa ofisini aweze kuchagua kinachofaa kabla hajaituma barua yake, kwa kuwa anayekosea hapa mara nyingi anaeleweka, ila anaeleweka kuwa amesema jambo ambalo hakulikusudia, tena kwa ukali ambao hakuwa nao.

Kitenzi ndicho kinachoamua

Jibu la kwanza limo katika Kiswahili chenyewe, ila usilitafute katika neno “bado”. Litafute katika kitenzi kinachofuatana nalo. Tazama sentensi hizi mbili: “Mama bado anapika” na “Mama bado hajapika”. Neno “bado” ni lile lile na limekaa mahali pale pale, lakini kitenzi cha kwanza kina “-na-” na cha pili kina “-ja-” ya ukanushi. Ya kwanza kwa Kiingereza ni “Mother is still cooking”, yaani sufuria ipo jikoni na kazi inaendelea. Ya pili ni “Mother hasn’t cooked yet”, yaani kazi haijafanyika na watu wanaingojea. Ukiona “bado” pamoja na “-na-”, au pamoja na maneno kama “yupo”, “yuko”, “ni” na “ana”, anza na “still”. Ukiona “bado” pamoja na “-ja-”, anza na “yet”. Kanuni hii peke yake inaondoa sehemu kubwa ya makosa, na inashangaza kwamba haifundishwi mara nyingi zaidi, wakati kila mwanafunzi wetu anaingia darasani akiwa tayari anajua tofauti ya “anapika” na “hajapika”.

Kipo kipimo kingine cha kuthibitishia. Kiswahili kina “-ngali”, kama katika “ningali”, “angali” na “wangali”, ambayo siku hizi huonekana zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo ya mtaani, na ambayo isichanganywe na “-ngali-” ya masharti iliyo katika “angalikuja”. Ukiweza kuondoa “bado” ukaweka “angali” na sentensi ikabaki na maana yake, Kiingereza chake ni “still”: mzee bado mgonjwa, mzee angali mgonjwa, “The old man is still ill”. Kiingereza cha zamani kiliweza kutumia “yet” mahali hapa pia. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, baba wa mwana mpotevu alimwona mwanawe “when he was yet a great way off”, na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema “alipokuwa angali mbali”. Anayejifunza Kiingereza kwa kusoma tafsiri hiyo hukutana na “yet” nyingi za namna hiyo. Azifurahie, lakini asiziige katika barua ya kuomba kazi, kwa sababu msemaji wa leo angesema “while he was still a long way off”.

Jibu la neno moja

Mtu akiulizwa “Umekula?” hujibu “Bado”, na jibu hilo limekamilika. Kwa Kiingereza jibu lake ni “Not yet”. Si “Still”, wala si “Yet” peke yake. “Still” likitamkwa peke yake kama jibu humwacha msikilizaji akingoja sentensi iendelee, na “yet” bila “not” halikanushi chochote. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesomea Kifaransa atalitambua tatizo hili upesi, kwa kuwa “encore” nayo hubeba pande zote mbili, “il dort encore” na “il n’est pas encore arrivé”, na hivyo lugha zake mbili humvuta kwenye kosa lile lile.

Hapa kuna jambo la adabu ambalo halimo katika sarufi. Kwetu, mtu akiulizwa kama ameoa, ameolewa au ana watoto, jibu la kiungwana ni “bado”, hata kama hana mpango wowote, kwa sababu “hapana” au “sina” linasikika kama limefunga mlango. Hata bila neno “bado”, kitenzi “sijaoa” kimekwisha kubeba matarajio ndani yake, kwa kuwa “-ja-” husema kwamba jambo halijatokea hadi sasa, na anayetaka kusema kwamba hana nia hiyo hutumia kitenzi kingine, kama “sioi” au “sitaoa”. Kiingereza hakina “-ja-”. Sentensi “I’m not married” haisemi lolote kuhusu kesho; ni “I’m not married yet” ndiyo inayosema kwamba kesho ipo. Kwa hiyo mfasiri anayeikuta “sijaoa” katika mahojiano lazima aamue: akiacha “yet” amepoteza matarajio yaliyomo katika kitenzi, na akiliweka huenda ameyakuza, kwa kuwa kwa Kiswahili msemaji hakuwa na namna nyepesi zaidi ya kujibu. Maoni yangu ni kwamba “yet” iwekwe pale ambapo msemaji ametamka “bado” mwenyewe, au pale habari nyingine katika mazungumzo zinapoonyesha kwamba anangojea kweli. Vinginevyo “I’m not married” inatosha, na Mwingereza hataiona kuwa ya ukali.

Barua moja, namna mbili

Mpaka hapa kanuni ya kitenzi imetutosha. Ugumu halisi unaanza pale Kiingereza kinaporuhusu vielezi vyote viwili katika sentensi ile ile, na tofauti yake ikawa ni sauti ya mwandishi. Chukua mhasibu anayedai malipo ya ankara. Anaweza kuandika “We have not yet received your payment for the March invoice”, na anaweza kuandika “We still have not received your payment for the March invoice”. Sarufi ya zote mbili ni sahihi, na habari ni ile ile: fedha hazijafika. Lakini ya kwanza inasema kwamba malipo yanatarajiwa na mwandishi anamkumbusha mteja bila kumlaumu, na huenda fedha zipo njiani. Ya pili inasema kwamba muda wa kutarajia umepita, kwamba jambo hili lilipaswa kuwa limekwisha, na kwamba subira imeanza kuisha.

Kiswahili kinaonyesha tofauti hiyo hiyo kwa maneno mengine. Ya kwanza ni “Malipo yenu bado hayajatufikia”. Ya pili ni “Mpaka leo hatujapokea malipo yenu”. Basi jiulize kimoyomoyo: je, ningekuwa namwambia mtu huyu uso kwa uso, ningesema “mpaka leo”? Kama ungesema, “still” ndilo neno lako. Kama ungeona haya kusema “mpaka leo” mbele yake, tumia “yet”. Katika barua ya kwanza ya kukumbusha sioni sababu ya kutumia “still”. Katika ya tatu, baada ya ahadi mbili kuvunjwa, “still” ni halali na lina kazi yake, na anayeendelea kuandika “yet” wakati huo anajinyima nguvu ambayo lugha imempa.

Wanaoumia zaidi hapa ni watafuta kazi. Mtu aliyefanya usaili wiki iliyopita akaandika “I still haven’t heard from you” anadhani amesema “bado sijasikia kutoka kwenu”, sentensi ya unyenyekevu. Aliyeipokea amesoma “mpaka leo mmenyamaza”. Angeandika “I have not yet heard from you and would be grateful for any news”, angekuwa amesema alichokusudia. Tahadhari nyingine ni kwamba “yet” haibaki kuwa ya upole kila mahali: likiwekwa katika swali la kukanusha, kama “Haven’t you finished yet?”, linakuwa na papara inayokaribia ile ya “still”, sawa na “Kwani hujamaliza tu?” kwa Kiswahili. Swali la upole ni “Have you finished yet?”, bila kikanushi.

Walimu nao wanahitaji tofauti hii wanapoandika ripoti za wanafunzi kwa Kiingereza. Kitenzi cha wakati uliopo kilichokanushwa, kama “haelewi” au “hasomi vizuri”, ndicho kinachoiacha kanuni yetu bila jibu, kwa kuwa “Bado hasomi vizuri” yaweza kuwa “He does not read well yet” na yaweza pia kuwa “He still does not read well”. Mtoto wa miaka mitano anastahili ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyetarajia asome vizuri katika umri huo, na neno “yet” linamwambia mzazi kwamba mambo yanakwenda kama inavyopasa. Kijana wa kidato cha pili aliyepewa masomo ya ziada mwaka mzima huenda akastahili ya pili, na mzazi akiisoma ataelewa kwamba shule ilitarajia mabadiliko na haikuyaona. Mwalimu anayeandika “still” kwa mtoto wa miaka mitano amemshitaki mtoto huyo kwa wazazi wake bila kujua.

Mahali pa kuliweka

Katika Kiswahili “bado” huweza kutangulia kitenzi au kukifuata, “bado hajafika” na “hajafika bado”, bila madhara makubwa. Kiingereza hakina uhuru huo. “Yet” hukaa mwishoni mwa kishazi katika mazungumzo, “The bus hasn’t come yet”, na hufuata “not” moja kwa moja katika maandishi rasmi, “The bus has not yet come”. “Still” hukaa katikati: hutangulia kitenzi kikuu, “She still lives in Tanga”, na hufuata “is”, “was” na vitenzi visaidizi vya sentensi isiyokanushwa, “She is still in Tanga”, “She can still walk”. Katika ukanushi mambo yanageuka, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu “still” lazima litangulie kitenzi kisaidizi chenye ukanushi: “She still hasn’t come”, “She still can’t walk”. Anayeandika “She hasn’t still come” ameligeuza, na kosa hili hujitokeza hasa katika yale maswali ya mitihani yanayomtaka mtahiniwa aandike upya sentensi, akipewa “She hasn’t arrived yet” na kutakiwa atumie “still”. Kinachobadilika ni vitu viwili kwa pamoja: “yet” inatoka mwishoni, na “still” inaingia kabla ya “hasn’t”.

Swali la “still” lina jibu lake la ukanushi, nalo si “not yet”. Ukiulizwa “Do you still live in Mbeya?”, yaani “Bado unakaa Mbeya?”, na umehama, jibu ni “No, not any more”, kama tunavyosema “Hapana, sikai tena”. Katika maandishi rasmi zaidi hutumika “no longer”: “I no longer live in Mbeya”. Kujibu “Not yet” hapa kungemaanisha kwamba hujahamia Mbeya ila unatarajia kuhamia, jambo lililo kinyume kabisa na ukweli.

“Already” na kishawishi cha “-mesha-”

Kiambishi “-mesha-” kimetokana na “-mekwisha”, na wapo wanaoendelea kuandika “amekwisha kufika” katika Kiswahili rasmi. Maana yake ni ukamilifu: jambo limemalizika, halingojewi tena. “Already” nalo husema hivyo, lakini huongeza kitu ambacho “-mesha-” hailazimiki kukisema, nacho ni kwamba jambo limetokea mapema kuliko ilivyodhaniwa, au kwamba msikilizaji alikuwa hajui na anapaswa kujua. Kwa sababu hiyo “already” ikitumika kila inapotokea “-mesha-”, Kiingereza kinajaa mshangao usio na sababu.

Mfano ulio karibu ni simu. Mtu amefika kituoni, anampigia mwenyeji wake na kusema “Nimeshafika”. Kwa Kiswahili ni taarifa tu. Akisema “I have already arrived”, mwenyeji anaweza kudhani kwamba mgeni amewahi kabla ya saa waliyopatana na kwamba yeye amechelewa kumpokea. “I’ve arrived” au “I’m here” inatosha. Kinyume chake, mtu akikukaribisha chakula na wewe umeshiba, “I’ve already eaten, thank you” ndiyo hasa inayofaa, kwa kuwa hapo unamjulisha asilolijua, na jambo hilo linabadilisha alichotaka kufanya.

Katika maswali, “already” na “yet” hushindana waziwazi. Mwenyeji anayetaka kujua kama apakue chakula huuliza “Have you eaten yet?”, naye hana dhana yoyote juu ya jibu. Anayeona sahani tupu mezani na kuhisi kwamba mgeni amekula huuliza “Have you already eaten?”. Na aliyempa mtoto sahani dakika tatu zilizopita, akarudi akaikuta imesafishwa, husema “Have you finished already?” kwa mshangao wa “Yaani umeshamaliza!”. Katika sentensi ya kukanusha ya kawaida “already” haina nafasi; “I haven’t already eaten” haifai kuwa tafsiri ya “sijala”, na pahali pake huwekwa “yet”.

Kuna mtego wa wakati pia. Kwa Kiswahili twaweza kusema “Nimeshalipa Jumatatu” bila taabu. Kwa Kiingereza, ukitaja siku, hali timilifu, yaani ile ya “have”, huondoka, na sentensi huwa “I paid on Monday”. Ukitaka “I’ve already paid”, iache siku nje. Tofauti ya Uingereza na Marekani nayo huonekana hapa. Mwingereza kwa kawaida husema “I’ve already eaten” na “Have you eaten yet?”, wakati Mmarekani husema kwa wepesi “I already ate” na “Did you eat yet?”. Zote ni Kiingereza halali, lakini shule zetu za Tanzania, Kenya na Uganda zimefuata mapokeo ya Uingereza, na katika chumba cha mtihani ni salama zaidi kuyafuata.

Neno “tayari” linaleta mkanganyiko wake, kwa kuwa hutumika kwa kitu kilichoandaliwa, “Chakula tayari”, na pia kwa maana ya “already”, “Tayari wameondoka”. Kiingereza nacho kilizaa “already” kutokana na maneno mawili, “all” na “ready”, kisha kikayatenga kabisa kwa maandishi. “We are all ready” ni “Sote tuko tayari”. “We are already” ni sentensi iliyokatika, ambayo msomaji ataingojea imalizike, kwa mfano “We are already late”.

Matumizi mengine ya kuyatambua

Vielezi hivi vina kazi nyingine ambazo hazihusu wakati. “Still” mbele ya sentensi, likifuatwa na mkato, ni “hata hivyo”: “It was raining. Still, they played”. “Yet” hufanya kazi hiyo ndani ya sentensi kama kiunganishi, na ukinzani wake ni mzito kidogo: “He is rich, yet he lives simply”. Pamoja na ulinganishi, “better still” ni “bora zaidi”, na “yet another” ni “mwingine tena”, mara nyingi kwa uchovu. “Sit still” haina uhusiano wowote na “bado”. Ni “tulia”, nayo ndiyo maana ya kale zaidi ya neno hilo, ile ya kutosogea, ambamo maana ya kuendelea bila kubadilika ilizaliwa.

Kirai kinachohitaji uangalifu zaidi ni “have yet to”. “I have yet to receive the documents” ni “Sijazipokea hati hadi sasa”, ingawa hakina “not” ndani yake. Anayefikiri kwa Kiswahili, akitafuta kikanushi na asikione, huongeza “not” na kuandika “I have not yet to receive”, ambayo si Kiingereza. Kirai hiki ni rasmi, na nguvu yake iko katikati ya “not yet” na “still not”; katika barua ya pili ya kukumbusha kinafaa sana.

Mwisho ni “bado” ya kuhesabia, kama “Bado siku tatu” kabla ya sikukuu au “Bado dakika tano” kabla ya kengele. Hapa “yet” haifai, na “still” peke yake haitoshi. Sema “There are still three days left” ukitaka kumtuliza mtu anayedhani muda umekwisha, na “Three days to go” ukiwa unahesabu kwa hamu. “Bado kidogo” nayo hutegemea swali: fundi aliyeulizwa kama amemaliza hujibu “Not quite” au “Nearly”, na akiongeza “yet” akasema “Not quite yet” atakuwa ameeleweka vizuri na mteja wake.